Muhula wa kwanza chuoni: shajara ya mradi wa kujua kama najua

Naiandika kwa ajili ya anayetoka sekondari na kuingia chuo, aone nilichojaribu, kilichoharibika na kilichonigharimu. Gharama naihesabu kwa saa na kwa alama. Kozi ni tano: hesabu, takwimu, uchumi, programu za kompyuta na stadi za uandishi. Naongeza kila hatua inapokamilika, na makosa ya nyuma siyafuti hata yakinitia aibu.

## 13 Septemba, wiki ya 1: Ratiba yenye rangi tano

Sekondari nilikuwa darasani kutwa. Hapa ratiba ina saa 15 tu za mihadhara na semina kwa wiki nzima, na Jumatano mchana hakuna kitu kabisa. Nikasema nimeukata.

Halafu kwenye kikao cha wanafunzi wapya tukaelezwa kanuni inayotumiwa na vyuo vingi: kila saa moja ya darasani inadai saa mbili za kusoma mwenyewe. 15 mara mbili ni 30, jumla 45. Nikaenda kuangalia kwingine nikidhani tunatishwa tu. Mfumo wa ECTS wa vyuo vya Ulaya huhesabu krediti moja kuwa saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, na mwaka una krediti 60, yaani saa 1,500 hadi 1,800. Hakuna anayetishwa. Zile nafasi nyeupe kwenye ratiba si mapumziko, ni kazi isiyo na msimamizi.

Kwa hiyo mradi nimeuita "Saa 30". Nimechora ratiba kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tano usiku, kila kozi na rangi yake. Imenila jioni nzima. Ukiitazama inapendeza.

## 20 Septemba, wiki ya 2: Ratiba imekufa Jumatano

Jumatatu niliifuata dakika kwa dakika. Jumanne zoezi la programu nililolipangia saa moja likachukua nne. Kompyuta ilikuwa inalalamikia mstari wa 18. Nikaufuta na kuuandika upya labda mara kumi. Kosa lilikuwa mstari wa 17, nukta-mkato moja iliyosahaulika mwishoni. Kufikia Jumatano nilikuwa nyuma kwa saa sita, na ratiba iliyojaa haina pa kuzihamishia saa sita. Nikaacha kuitazama.

Tabia hii ina historia. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliiandikia mwaka 1979: mtu anapopanga kazi hukadiria kana kwamba kila kitu kitaenda sawa. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu zao watachukua siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa kama siku 34. Waliishia siku 55 na ushei. Basi angalau tuko wengi.

Marekebisho: kazi ambayo sijawahi kufanya aina yake, kadirio nazidisha kwa mbili. Kila siku naandika mambo matatu tu. Jumamosi asubuhi inabaki tupu, ni ya viporo. Na nimeanza kupima kwa saa ya simu, ambayo naisimamisha kila ninapoishika simu kwa jambo jingine. Nilikuwa naapa nimesoma saa 25 wiki hii. Saa imesema 11 na dakika 40.

## 4 Oktoba, wiki ya 4: Kurasa 214

Wiki ya 3 sina la kuandika, mpango mpya umeshika. Wiki hii shida ni usomaji. Nilijumlisha kurasa zote tulizoagizwa na kozi zote: 214. Nikaanza kama nilivyozoea, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, hailaita mkononi. Sura moja ya uchumi, kurasa 38, ilinichukua karibu saa nne, na nilipofunga kitabu ningeweza kukwambia rangi ya hailaita kuliko hoja ya mwandishi.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliponiona akaniambia, "Mdogo wangu, hivyo si vya kumeza vyote. Umeangalia maswali ya mwisho wa sura?" Sikuwa nimeangalia. Sasa naanza na maswali, kisha vichwa vidogo, kisha muhtasari, ndipo naingia ndani kutafuta majibu. Makala za kitaaluma nasoma ikisiri, hitimisho, majedwali. Katikati naisoma ikiwa tu itajadiliwa semina au nitaitumia kwenye insha. Sura ya kurasa 38 sasa ni saa moja na nusu. Roho inasuta kidogo kuruka kurasa, lakini muongozo wa kozi wenyewe umegawa "lazima" na "ziada", mstari ambao sikuwa nimeusoma.

Saa halisi wiki hii: 26. Notsi za hesabu nazinakili upya kila jioni kwa wino wa rangi nne, kanuni ndani ya visanduku. Uchumi haunisumbui, mhadhiri wake anaeleza vizuri mno. Jaribio la kwanza la hesabu ni wiki ijayo na sina wasiwasi.

## 11 Oktoba, wiki ya 5: 11 kati ya 30

Karatasi imerudi leo. 11.

Sitaki kuipita haraka kwa sababu humu ndimo kosa lenyewe lilipo. Swali la 2, kutumia kanuni moja kwa moja, nimepata yote. Swali la 4 liliuliza: je, grafu ya |x| ina mteremko kwenye x = 0? Toa sababu. Nimeandika "Hapana", nikaipigia mstari chini, nikaendelea na la 5. Pembeni kuna wino mwekundu, maneno mawili: "Kwa nini?" Alama 1 kati ya 6.

Nimefungua daftari. Sentensi hiyo ipo, kwa wino wa bluu, ndani ya kisanduku: |x| haina mteremko kwenye sifuri. Niliinakili kwa mwandiko wa kupendeza. Kwamba ukija kutoka kushoto mteremko ni −1 na kutoka kulia ni 1, hivyo pale kwenye ncha hakuna namba moja ya kukubaliana, sikuwahi kujiuliza hata siku moja. Na mhadhiri alilisema. Nusu ya sentensi yake ipo hapo chini ya kisanduku, imekatika.

Kwa hiyo saa 26 zilikuwa za kweli, na bado. Mradi niliuita jina lisilo lake. Sekondari sikuwa najua zaidi, nilikuwa nakamatwa mapema zaidi: mwalimu anapita kati ya madawati anafunua madaftari, kuna jaribio dogo kila wiki, usipojua utajulikana kabla ya Ijumaa. Kipimo kilikuwepo, ila kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Hapa zimepita wiki tano bila mtu yeyote kunifunua daftari.

Gharama: alama 19, pamoja na kama saa 20 za kunakili kwa rangi.

## 15 Oktoba, wiki ya 6: Mlango wa mhadhiri

Saa za kuonana na wanafunzi zimeandikwa kwenye muongozo tangu wiki ya 1. Nilidhani ni za walioshindwa. Leo nimeenda, nimesimama nje ya mlango kama dakika tano nikijifanya nasoma tangazo ukutani.

"Mwalimu, samahani. Hesabu sizielewi."

"Zote?"

Sikuwa na jibu.

"Kaa. Chukua hiyo karatasi. Niandikie unachokijua kuhusu mhadhara wa jana. Daftari liache kwenye mkoba."

Niliandika kichwa cha mada. Chini yake mistari miwili. Nikabaki na kalamu hewani. Mhadhara wa jana, nilioukaa wote, mstari wa mbele! Hakunikaripia. Aliigeuza karatasi upande wake, akaitazama, akasema, "Vizuri, sasa tunajua pa kuanzia." Tulizungumza dakika kumi tu, kuhusu mstari wa pili. Nilipoinuka akaniambia, "Siku nyingine usiniletee 'sielewi'. Niletee karatasi yenye mahali ulipokwama."

Jina jipya la mradi: kujua kama najua.

## 25 Oktoba, wiki ya 7: Karatasi tupu

Utaratibu, kwa anayetaka kuunakili. Jioni ya siku ya mhadhara natoa karatasi tupu, daftari liko mbali, naandika kila ninachokumbuka kwa dakika 12 hivi. Kisha nafungua daftari na kuongeza kilichokosekana kwa wino mwekundu. Namba ninayoingiza kwenye jedwali ni hoja nilizopata bila msaada juu ya hoja zote. Baada ya siku mbili narudia, na baada ya wiki narudia tena.

Mara ya kwanza: 4 kati ya 15. Inauma, na hiyo ndiyo sababu watu hawaifanyi. Kusoma notsi tena kunabembeleza, kila mstari unasema "hili unalijua". Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hili mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu. Wengine wakakisoma tena, wengine wakajaribu kukiandika kwa kumbukumbu. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya wiki meza ikageuka: waliojipima walikumbuka karibu asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Yaani kipimo cha papo hapo kinampa ushindi asiyestahili. Kuhusu kurudia kwa vipindi, Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Baada ya siku moja, kujifunza upya orodha ileile kulimwokolea kama theluthi moja tu ya muda wa mwanzo. Alikuwa mtafiti na panya wa maabara kwa pamoja, jambo ambalo sasa nalielewa.

Yaliyoharibika mwanzoni ni mawili. Kwanza, nilikuwa nachungulia daftari "mara moja tu" na namba zikapanda kwa uongo. Sasa daftari linakaa chumba kingine. Pili, niligundua naorodhesha vichwa vya mada tu na kujipa alama. Visanduku vya bluu vimerudi kwa mlango wa nyuma. Nikabadilisha: kila hoja lazima ifuatwe na "kwa sababu", isipofuatwa haihesabiki. Namba ikaporomoka kutoka 11 hadi 5, na hiyo 5 ndiyo ninayoiamini.

Kwa programu karatasi haifai. Huko nafungua faili tupu na kuandika upya zoezi la juzi bila kuangalia. Ile nukta-mkato sasa naiona kabla ya kompyuta.

Gharama: saa tatu na nusu kwa wiki. Nimezitoa kwenye kunakili kwa rangi, ambako nimekuacha kabisa. Kalamu nimezigawa.

## 1 Novemba, wiki ya 8: Takwimu, 15 kati ya 30

Nilikuwa naamini karatasi tupu imemaliza matatizo. Namba zangu za takwimu zilikuwa 12, 13, hata 14 kati ya 15. Nimepata nusu.

Swali: kati ya watu 8, kamati za watu 3 zinaweza kuundwa ngapi? Nimejibu 336. Hesabu yenyewe haina kosa, 8 × 7 × 6 ni 336, ila hayo ni majibu ya swali la kumchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kwenye kamati ya kawaida mpangilio hauna maana, unagawa kwa 6, jibu ni 56. Njia zote mbili nazijua hata usingizini. Nisichokijua ni lini nitumie ipi.

Nilipoangalia mazoezi yangu nikaona kwa nini. Nilifanya maswali 20 ya aina ya kwanza, yote mfululizo, chini ya kichwa kinachotaja aina hiyo. Kisha 20 ya aina ya pili. Kichwa cha sura kilikuwa kinanichagulia njia. Kwenye jaribio hakuna kichwa.

Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walijaribu jambo hilihili kwa maswali ya ujazo wa maumbo. Waliofanya mazoezi kwa mafungu walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa walipata 60. Baada ya wiki moja, wa mafungu 20, wa mchanganyiko 63. Nilipoona ile 89 nilijiona.

Marekebisho: nimeandika maswali kwenye vipande vya karatasi, kimoja kimoja, namba ya sura nyuma. Nachanganya kama karata na kuvuta. Kabla ya kupiga hesabu nasema kwa sauti ni swali la aina gani, kisha nageuza kuhakiki. Wenzangu wa chumbani wanadhani nimeanza kupiga ramli.

Uchumi bado unaenda vizuri. Mhadhiri yule ukimsikiliza unaona kila kitu kiko wazi.

## 15 Novemba, wiki ya 10: Insha, 9 kati ya 20

Sekondari insha yangu ilikuwa na umbo moja: utangulizi, faida tano, hasara tano, hitimisho la "kila jambo lina pande mbili". Niliandika hivyohivyo. Maoni: "Umeeleza, hujajenga hoja. Wewe unasemaje?" Nilisoma hilo la mwisho mara mbili. Miaka yote sikuwahi kuulizwa.

La pili lilikuwa baya zaidi. Aya mbili zilizungushiwa mstari. Nilichukua maneno ya makala moja, nikabadilisha neno hapa na pale, jina la mwandishi nikaliweka kwenye marejeleo mwishoni, nikadhani imetosha. Haijatosha. Muundo wa sentensi ulikuwa wa mwandishi, na chuo hilo kinaliita wizi wa kitaaluma hata kama jina lipo mwishoni. Nimepewa onyo la mdomo kwa kuwa ni mara ya kwanza.

Sasa nafanya hivi: nasoma aya ya chanzo, nafunga, naandika kwa maneno yangu kile mwandishi anachodai na ukurasa wake, kisha nafungua kulinganisha. Ni karatasi tupu ileile. Sikuwa nimewaza kwamba inafaa na huku. Na kabla ya kuandika insha yoyote lazima niwe na sentensi moja ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuipinga. Isipopingika, sina insha. Rasimu ya insha ya pili nimempelekea msaidizi wa semina siku sita kabla; amefuta ukurasa wote wa kwanza akisema hoja inaanzia wa pili. Alikuwa sahihi, na iliniuma. Nilikadiria siku mbili, nikazidisha, nne. Imechukua tano.

## 29 Novemba, wiki ya 12: Mengineyo

Jaribio la pili la hesabu: 21 kati ya 30.

Kundi la kusoma: tulianza watano, vikao vitatu vya mwanzo vilikuwa gumzo lenye vitabu mezani. Lilipona tulipokubaliana kwamba mmoja anasimama ubaoni bila notsi na wengine kazi yao ni kuuliza "kwa nini" tu. Wawili wameacha kuja.

Kukesha: usiku mmoja, kuamkia jaribio dogo la programu. Kwenye swali la tatu nilisoma sentensi moja mara nne bila kuiona. Sitaki kulirefusha hili; nalala.

## 20 Desemba, wiki ya 15: Mitihani imeisha

Wiki mbili za mwisho hazikuwa na jipya. Vipande vya maswali, karatasi tupu, mitihani ya miaka ya nyuma kwa muda uleule wa mtihani na simu ikiwa imezimwa. Mtihani wa hesabu ulikuwa na "toa sababu" nne.

## 17 Januari: Matokeo

Programu 71, takwimu 68, hesabu 64, stadi za uandishi 61. Uchumi 49.

Nimerudi kwenye jedwali kuhesabu. Karatasi tupu za hesabu: 19. Za takwimu: 17. Za uchumi: 3, zote kabla ya mwisho wa Oktoba. Saa nilizotumia kusoma uchumi hazikuwa chache kuliko za takwimu. Nilikaa, nikasikiliza, nikasoma sura zote za lazima, na kila mara nilitoka nikiwa na uhakika kwamba hii haihitaji kupimwa. Hakuna siku niliyokwama, kwa sababu hakuna siku nilipojaribu bila kitabu.

Muhula wa pili unaanza tarehe 27. Uchumi wa pili ni Jumatatu hiyohiyo, saa mbili asubuhi, mhadhiri ni yuleyule. Karatasi ya kwanza ni jioni yake, na safu yake kwenye jedwali nimeihamishia mwanzo.